Kuta za Bafu la Tata

Tulipomzika fundi Nyabuto kule Kiogoro, mwanawe wa kwanza alinifuata nilipokuwa nimekaa chini ya hema akaniuliza kama ningependa kusema maneno mawili. Alijua baba yake aliwahi kufanya kazi kwetu. Nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikasema marehemu alikuwa fundi mwaminifu, nikaketi. Njia nzima ya kurudi Nyamira nilijikasirikia. Nilikuwa na mengi ya kusema kumhusu, ila yote yalihusu bafu, na ni nani atasimama mbele ya jeneza aanze kuzungumzia bafu? Ndiyo maana nayaandika hapa. Nina miaka hamsini na mitatu sasa. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na ishirini na sita na mtoto mmoja, Vane, aliyekuwa akijifunza kutembea. Mume wangu Onchiri alikuwa fundi wa magari Mombasa. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Kwa hiyo katika boma lile, nje kidogo ya mji wa Nyamira, tulikuwa watu watatu tu: mimi, mtoto na baba mkwe wangu, ambaye nilimwita Tata kama tunavyowaita baba zetu.

Tata alikuwa mwalimu mstaafu. Alifundisha Kiswahili shule za msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, na ualimu haukuwahi kumtoka. Alioga asubuhi, akaoga tena jioni, akavaa shati lililopigwa pasi hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda. Ukikaa mezani baada yake ulisikia harufu ya sabuni kwenye kiti. Kisha Januari ya mwaka ule akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiburuta mguu wa kulia, mkono wa kulia umelala, na ulimi umemgeuka kwa namna ambayo hata daktari aliicheka kwa upole: Ekegusii, lugha aliyozaliwa nayo, kilimpotea kwa miezi mingi, lakini Kiswahili alichowafundisha watoto kilibaki. Kilitoka polepole, neno moja moja, lakini kilitoka sawasawa. Basi tukaanza kuzungumza Kiswahili nyumbani, mimi na yeye, kama watu waliokutana ofisini. Changu kilikuwa kibovu. Nilikuwa nikisema, "Tata, chai imewekwa kwa meza, na kuta ya jikoni imepasuka," naye, akiwa hajiwezi hata kushika kijiko, ananyanyua kidole cha mkono wa kushoto: "Ukuta. Umepasuka." Ananingoja nirudie. Ninarudia. Halafu ndipo anakunywa chai.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiotoka kwetu. Sisi tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mwana haingii chumbani mwa baba mkwe, hampi mkono, hakai naye kiti kimoja. Kumwona uchi ni jambo ambalo watu hawalitaji hata kwa mfano. Kwa hiyo mimi nilimpikia, nikamfulia, nikamsomea Biblia nikiwa mlangoni, lakini kumwogesha sikuweza. Kazi hiyo ilifanywa na jirani, Ombati, aliyekuja Jumatano na Ijumaa na kumfuta kwa kitambaa na maji ya beseni. Ombati alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na mikono ya haraka na alipenda kuzungumza akiwa kazini. Nilikuwa nikisikia sauti yake kupitia ukutani akisimulia habari za soko, na sauti ya Tata sikuisikia kabisa. Siku moja mzee wa kanisa alikuja kuuliza kwa nini Mwalimu haonekani tena siku ya Sabato. Nilikuwa nimeinama uani nikichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, dirisha likiwa wazi juu ya kichwa changu, nikamsikia Tata akijibu: "Nitakaaje kanisani nikinuka? Mimi ndiye niliyekuwa nikiwarudisha watoto nyumbani wakaoge."

Nilimwandikia Onchiri barua siku ileile. Pasaka alikuja na vigae kutoka Kisii, vyeupe, vinavyong'aa, na kwa siku sita yeye na rafiki yake mmoja wakajenga bafu lililoshikamana na chumba cha Tata, mlango wake ukitokea chumbani humo humo. Walivuta bomba kutoka kwenye tangi la kisima ambacho sisi na majirani tulikuwa tumechimbiwa kwa mashine mwaka uliotangulia. Wakaweka shawa, stuli ya plastiki, na chuma cha kushikia ukutani. Siku Tata alipooga humo peke yake mara ya kwanza, Onchiri alisimama nje ya mlango akifuta macho kwa mkono wenye simiti. Jumamosi iliyofuata walikwenda kanisani pamoja. Nilibaki nikipika ndizi na nyama, na nyumba nzima nikaiona imekuwa pana.

Maji ya kisima kile yalikuwa magumu. Wengi wetu tulizoea maji ya chemchemi na ya mvua, hatukujua maji yanaweza kuwa na jiwe ndani yake. Tuliona tu kwamba sabuni haitoi povu, na kwamba birika limeota ukoko mweupe ndani, unaodondoka kama ganda la yai ukiligonga. Kufikia Juni ukoko huo ulikuwa bafuni. Tundu za shawa ziliziba, maji yakawa yanaruka pembeni hadi darini. Vigae vilivyokuwa vinang'aa vikapata michirizi, kisha utando mzima wa kijivu, na ile simiti nyeupe iliyojazwa katikati ya kigae na kigae ikawa ya kahawia. Nilikuwa nikilisafisha bafu wakati Tata amekaa barazani. Nilisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa brashi ya waya. Haukutoka. Nami niliona aibu, maana kwangu bafu la mzee lilikuwa sawa na sahani yake. Mwanamke mmoja dukani akaniambia asidi inayosafishia vyoo hutoa kila kitu. Nilinunua chupa. Nilipoimwaga ikatoa moshi na harufu ya kukata pumzi, na ukoko ukayeyuka mbele ya macho yangu. Nilifurahi sana. Kila Alhamisi, kwa wiki sita au saba, nilimwaga asidi kwenye kuta zile.

Ilikuwa asubuhi, Julai, Vane akiwa mgongoni kwangu. Nilisikia kishindo, kisha vigae vikivunjika, kisha maji tu.

"Tata?"

"Usiingie."

"Umeumia?"

"Usiingie, Mama Vane. Mwite Ombati."

Nilikimbia hadi kwa Ombati. Alikuwa amekwenda Keroka. Niliporudi niliita tena na safari hii hakujibu. Maji yalikuwa yakipita chini ya mlango wa chumba hadi ukumbini, na yalikuwa na rangi. Nimeulizwa mara nyingi baadaye, na watu wazima wenye busara, kwa nini sikumtafuta mwanaume mwingine. Sijui. Nilimlaza mtoto kwenye kochi, nikachukua shuka kutoka kwenye kamba, nikaingia chumbani ambamo sikuwahi kukanyaga, nikafunga macho, nikasukuma mlango wa bafu. Lakini huwezi kumwinua mtu ukiwa umefunga macho. Nikafungua. Chuma cha kushikia kilikuwa kimeng'oka pamoja na karibu upande mzima wa vigae. Tata alikuwa amelala juu ya vipande, paji la uso limepasuka, macho yake yako wazi na yananitazama. Nilimfunika. Nilifunga maji. Nilimkokota hadi kitandani nikiwa nimemzungushia shuka, nikamfunga kitambaa kichwani.

Jeraha lilipona kwa wiki mbili. Mengine hayakupona. Tata hakutaka tena kuingia bafuni, na Ombati alipokuja, Tata alimrudisha kwake. Hakula mbele yangu chakula nilichokipika. Nilikiweka, nikaondoka, nikarudi nikakuta amekula robo. Kidole cha kushoto hakikunyanyuka tena. Nilikuwa nikikosea makusudi, nasema "kuta imelowa," "viatu yako iko hapa," na aliangalia chini. Dada yake, Shangazi Bochaberi, alikuja kumtazama akakaa siku nne. Siku ya tatu nilikuwa nikiosha vyombo nje ya jiko, nikamsikia akiongea na mke wa Ombati. "Amemwona," alisema. "Si kwamba namchukia, ni msichana mzuri. Lakini ameingia mle na amemwona, na nyumba haiwezi kukaa hivyo. Arudi kwao kwanza mpaka wazee wakae." Mke wa Ombati akasema, "Na mzee atapikiwa na nani?" Shangazi akasema, "Hilo ndilo linalonisumbua." Hadi leo simlaumu Shangazi. Aliogopa kwa ajili yetu, kwa njia aliyofundishwa. Lakini mimi nilijua kuna jambo baya zaidi ambalo yeye hakulijua.

Nililijua kwa sababu ya fundi Nyabuto. Nilikuwa nimemwita aje aangalie kama ukuta unaweza kutengenezwa kabla Onchiri hajarudi Desemba. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, aliyezoea kubisha ukuta kwa vifundo vya vidole kabla ya kusema neno, kama mgeni anayeomba kuingia. Alibisha vigae vilivyobaki kimoja kimoja. Vingi vililia kama debe tupu. Akaokota kipande, akachimba kwa ukucha ile simiti ya katikati, ikamwagika kama unga.

"Umekuwa ukioshea nini?"

Nikamwambia.

Hakunikemea. Alisema, "Asidi inakula chokaa, mama. Ukoko ni chokaa. Na simiti pia ni chokaa. Haijui ipi ni ya adui na ipi ni ya kwako." Akanieleza kwamba simiti ya viungo ilipoliwa, maji yaliingia nyuma ya vigae, udongo wa ukuta ukalainika, na chuma kile kilikuwa kimeshikwa na vigae tu, hakikufika kwenye tofali. "Mume wako naye alikosea," akaongeza, akiona uso wangu. "Mmekosea wawili." Lakini mimi nilisikia kosa moja tu.

Nikamwambia nataka ukuta ambao maji haya hayatauharibu, na ambao ukichafuka hautahitaji asidi. Akasema yeye hawezi kuapa juu ya ukuta wowote kwa maji ya aina ile, ila kuna njia ya kujua. Siku chache baadaye alileta gunia la mabaki kutoka kwenye kazi zake: kigae cha kung'aa, kigae kikavu kisichong'aa, kipande cha terazo, ile simiti yenye vijiwe inayosuguliwa, kipande cha marumaru, kipande cha ile plastiki ngumu wanayopigilia darini, bati lililopakwa rangi, na jiwe la sabuni kutoka Tabaka, lile la kuchongea vinyago, la kijivu chenye wekundu kidogo, limekatwa kwa msumeno. Tuliviegemeza vyote kwenye ubao chini ya bomba la ziada la tangi, mahali panapodondoka maji mchana kutwa na jua linapopiga. "Tuviache hapa," akasema. "Maji yenyewe yatatuambia."

Ubao huo ulikuwa hatua kumi kutoka kiti cha Tata barazani. Mwanzoni alitazama pembeni. Wiki ya kwanza, ya pili. Wiki ya tatu nilikuwa nikifuta kila kipande kwa kitambaa na ndimu, kama fundi alivyonifundisha, nikasikia nyuma yangu: "Na cha tano?"

Niligeuka. "Cha tano ni plastiki, Tata."

"Kinaendeleaje?"

"Ukoko inatoka, lakini imepinda na jua."

Kidole kikanyanyuka. "Ukoko unatoka. Kimepinda kwa jua." Akasubiri. Nikarudia. "Niletee daftari," akasema.

Alianza kuvipa alama. Kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza, alichora safu: usafi, nguvu, viungo, maji. Kila Jumapili nilimsogezea kipande kimoja kimoja magotini, akakipapasa, akakigonga, akakinusa, akaandika. Marumaru ilipata mbili kati ya kumi, kwa sababu ndimu iliichubua ikatoa povu. Fundi Nyabuto alisema ni ndugu wa chokaa, kwa hiyo chochote kinachotoa ukoko kitaila nayo. Bati lilipata sifuri na maelezo: "Limeota kutu kabla ya mtihani kuisha." Kigae cha kung'aa kilijitahidi, chenyewe hakikudhurika, udhaifu ulikuwa kwenye viungo vyake vingi. Terazo ilipata saba. Jiwe la Tabaka lilikuwa na ukoko kama vipande vingine vyote, ila kwenye rangi ile haukuonekana sana, na ulipokolea niliukwangua kwa kijiti ukaachia. Ndimu haikulifanya lolote. Fundi alilikwaruza kwa msumari likapata mchubuko, naye Tata akaguna, akishika kalamu kulipunguzia alama. Fundi akachukua msasa na maji, akasugua, na ule mchubuko ukapotea. "Ni laini," alisema, "lakini ukiliumiza unaweza kuliponya." Tata akalitazama muda mrefu. Akaandika tisa. Nikamwuliza kwa nini si kumi. "Likilowa linateleza," akasema. "Lisiwekwe sakafuni."

Vijana husema kupona ni dawa na mazoezi. Mimi nilimwona mtu akirudi kwa sababu alikuwa na mtihani wa kusahihisha. Alianza kula. Alimruhusu Ombati kurudi. Alicheka siku Vane alipojaribu kula kipande cha terazo. Na kadiri alivyorudi, ndivyo lile jambo la asidi lilivyonikaba, hadi siku moja mwishoni mwa Septemba, Shangazi Bochaberi akiwa amekuja tena na wazee wawili wakitarajiwa mchana, nilishindwa. Nilimkuta Tata barazani na daftari lake. Nilisimama mbali, penye heshima, nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Ekegusii nisingethubutu: "Tata, ukuta ulianguka kwa sababu yangu. Nilikuwa naoshea asidi. Fundi ameniambia. Mimi ndiye nilikuangusha."

Alifunga daftari. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Harufu. Kila Alhamisi jioni nilikaa mle macho yakiniwasha." Alitafuta maneno, moja moja. "Nilijua unasugua kwa ajili yangu. Ningekwambia uache, ningekuvunja moyo. Nikanyamaza. Kwa hiyo mimi pia." Akapumzika. "Mama Vane, sikukasirika kwa sababu uliniona. Nilikasirika kwa sababu ulinikuta nimeanguka."

Wazee walipokuja, Tata aliomba chai yao niilete mimi mwenyewe. Shangazi alitaka kusema jambo, akamzuia kwa mkono. Aliwaambia, kwa Kiswahili chake cha polepole, na wao wakilazimika kumjibu kwa Kiswahili chao cha sokoni, kwamba siku ile alikuwa mgonjwa, na kwa mgonjwa hakuna baba mkwe wala mkaza mwana, kuna mtu aliyekuja na mtu ambaye hakuja. Alisema kama kuna sala ya kusaliwa isaliwe, yeye ni Msabato, hatachinja kitu kwa tambiko. Wakasali. Mmoja wao alikuwa akimtazama Shangazi wakati wote wa sala kuona kama ameridhika. Shangazi aliinua uso, akaniambia kwa Ekegusii niongeze sukari kwenye chai ya kaka yake. Sijawahi kuambiwa neno tamu zaidi na mkwe yeyote.

Mimi na fundi Nyabuto tulikwenda Tabaka kuchagua mawe. Nakumbuka vumbi jeupe juu ya majani ya migomba, na wanawake wamekaa kwenye magunia wakisugua vinyago kwa msasa ndani ya maji, mikono yao laini kuliko ya mtu yeyote anayelima. Mmoja wao alipojua tunajengea bafu alishangaa, akasema yeye huuza viboko vya kuchonga na bakuli kwa watu wa mbali, hajawahi kusikia jiwe lake limebaki huku kwetu. Tulichukua mabamba makubwa kiasi cha trei ya chai, ili viungo viwe vichache. Fundi alibomoa ukuta wa zamani hadi kwenye tofali, akapiga plasta ya simiti, akaacha ikauke wiki nzima bila kuharakishwa. Chuma cha kushikia kilipitishwa kwenye jiwe hadi nguzo ya zege aliyoimwaga ndani ya ukuta. Alipomaliza aliningojea nje. "Ning'inia," akaniambia. Nilining'inia na uzito wangu wote, miguu hewani. Hakikusogea.

Tata aliingia Ijumaa, Novemba, jua likiwa bado juu. Nilikaa jikoni na bakuli la maharagwe, nikasikiliza. Maji yalianza. Yaliendelea muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, nikachambua maharagwe yaleyale mara tatu. Yalinyamaza. Kisha, badala ya kishindo, nikasikia wimbo, mbaya, nje ya sauti, na maneno yake yalikuwa ya Ekegusii. Yalikuwa yamemrudia mle ndani.

Aliishi miaka minane zaidi, na hakuna mtu aliyemwogesha tena. Kila Ijumaa nilifuta kuta zile kwa kitambaa na siki kidogo, nikivikwepa viungo, na kila baada ya mwaka nikazipitishia msasa. Alifariki asubuhi moja, akiwa kitandani, shati limefungwa vifungo vyote. Wanaume wawili wa kanisani waliitwa waje wamwoshe kabla ya gari la mochari kufika. Niliwapelekea maji ya moto hadi mlangoni, nikawapa, nikarudi nyuma. Hawakuchukua hata dakika mbili. Mmoja alitoka na yale maji, bado yanatoa mvuke, hayajaguswa, akanitafuta kwa macho uani katikati ya watu.

"Mama Vane," akasema, "mzee ameshaoga."